Mgongo wa Kitabu Namba Kumi na Saba

Ukitaka kumwona Mama Gundi ilikubidi uiname. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi za maktaba ya shule, dari imeteremka kufuata ngazi zenyewe, na mtu mrefu aliishia mlangoni akazungumza naye shingo imepinda. Mwenyewe alikuwa mfupi, tena mnene kiasi chake, na alipenda kusema kwamba chumba kile kilikatwa kwa kipimo chake kama gauni. Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Vitabu vilivyovunjika migongo, vilivyomwaga kurasa, vilivyolowa mvua ndani ya mkoba, vyote vililetwa kwake. Alivishona kwa uzi mweupe, akavipaka gundi ya unga aliyoipika mwenyewe asubuhi kwenye sufuria ndogo, akavibana katikati ya mbao mbili zenye skrubu, kisha akaviacha mpaka kesho yake. Harufu ya gundi ile ilimwingia mpaka kwenye nywele, na jina likamganda hivyo hivyo.

Zile mbao mbili alitengenezewa na mumewe, fundi seremala. Mume huyo alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, kwa ugonjwa wa kifua uliomchukua kwa majuma matatu tu, na tangu hapo watu walimsikia Mama Gundi akizungumza peke yake chini ya ngazi. Peke yake wapi! Alikuwa akizungumza na mumewe, ila mwenzake ndiye aliyekuwa hajibu.

Sasa, shule ile ilikuwa na riwaya yake. Darasa la mwisho lilisoma riwaya hiyo hiyo mwaka nenda mwaka rudi, nakala arobaini zilizopigwa namba mgongoni kwa wino mweupe. Ni riwaya ya zamani, nene, ya utajiri na mapenzi. Binti wa mlinzi wa lango anapendwa na tajiri mwenye kinu, na tajiri anamjengea nyumba ya madirisha mia moja. Anayekuja kutia vioo kwenye madirisha hayo ni kijana mmoja fundi vioo, hana mbele wala nyuma, mali yake mluzi tu. Kijana anatia vioo madirisha tisini na tisa, la mia analiacha wazi makusudi ili mluzi wake uingie ndani. Basi, hapo ndipo binti anapoanza kukosa usingizi, na wanafunzi nao.

Mwalimu wa fasihi alikuwa na sheria aliyoirithi kwa mwalimu aliyemtangulia. Darasa likimaliza sura ya kumi, vitabu vyote vinafungwa na kukusanywa, kisha kila mwanafunzi anaandika kwenye nusu karatasi jinsi alivyoionja riwaya mpaka hapo. Siku mbili ni marufuku kusoma mbele. Katika siku hizo mbili vitabu vililala kwa Mama Gundi kungojea sindano, na wanafunzi, ambao hawakuwa na la kufanya ila kubishana, walikuja kubishania mlangoni kwake.

"Mama Gundi, huyo binti ana akili kweli? Madirisha mia moja jamani!"

"Mia moja nani atayafuta vumbi?" mwingine alidakia. "Mimi ningekataa kwa sababu hiyo tu."

"Mapenzi yanalipa kodi ya nyumba?"

"Kwani tajiri hana mapenzi? Mbona mnamsema vibaya, kosa lake kuwa na kinu?"

Kulikuwa na msichana mmoja mwembamba, wenzake walimwita Swali maana hakuwahi kumaliza kipindi bila kunyoosha mkono. Mwaka huo alisimama pale mlangoni, akaeleza mpango mzima: fundi vioo angekuwa na akili angeomba kazi ya kudumu kwa tajiri, akusanye mtaji, afungue duka la vioo, ndipo aje kuposa kama mtu. "Kupiga mluzi ndiyo kazi gani?" aliuliza. "Mwanaume mzima!"

Mama Gundi alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Kila mwaka ilikuwa hivyo. Kufikia sura ya kumi darasa zima lilikuwa upande wa tajiri, na kufikia mwisho nusu yake walikuwa wanajifuta macho kwa mikono ya mashati. Alivipenda vile vichwa vilivyopinda mlangoni. Wakiondoka chumba kilirudi kwenye ukimya wake, jua la alasiri likaingia kwa upenyo wa ngazi na kulala juu ya meza vipande vipande, naye akashona huku mawazo yakimtoka na kwenda mbali, miaka thelathini na moja nyuma, kwenye dawati la tatu kutoka dirishani.

Maana na yeye aliisoma riwaya ile katika darasa lile. Dawati moja alikaa na kijana mrefu, mtoto wa seremala, aliyekuwa na vumbi la mbao masikioni hata siku ya mtihani. Siku ya kuandika maoni, kijana aliandika haraka, akakunja karatasi yake, akamnong'oneza: "Wewe pia umo humu. Zikirudishwa, omba uione yangu."

Hazikurudishwa. Mjalidi wa wakati huo, Mzee Uzi, alizikuta kwenye kapu karibu na vitabu akadhani ni karatasi za kutupa. Na mjalidi hatupi karatasi. Akizipata huzikunja nyembamba na kuzipachika ndani ya mgongo wa kitabu, kati ya nyuzi na jalada, ili mgongo upate nguvu. Nakala zote arobaini zilikuwa mezani kwake juma lile. Basi maoni ya darasa zima kuhusu riwaya ile yakaingia ndani ya migongo ya riwaya yenyewe, yakapigwa gundi, yakafunikwa kitambaa. Mwalimu alitafuta mpaka akachoka, akasema yamepotea.

Mama Gundi aligundua miaka minne baadaye, alipokwisha kuajiriwa kama mwanafunzi wa Mzee Uzi na alipokwisha kuolewa na mtoto wa seremala. Alikuwa anafungua kitabu namba tano kilichovunjika, akavuta karatasi iliyokunjwa, akaona mwandiko wa rafiki yake wa darasani. Mzee Uzi alijikuna kichwa. "Kumbe zilikuwa na maana?" alisema. Kisha akamwapisha palepale, maana alimwona macho yanavyong'aa: mgongo ulio mzima haufunguliwi. Kitabu kinafunguliwa kikivunjika, si kabla. "Ukianza kupasua vitabu vizima kwa kutafuta mambo yako, wewe si mjalidi tena, ni panya."

Alirudi nyumbani mbio siku hiyo. "Karatasi zetu zipo! Zimo ndani ya vitabu! Sema basi, uliandika nini?"

Seremala aliweka randa chini, akatabasamu. "Nani, mimi? Kaisome mwenyewe."

Na huo ndio ukawa mchezo wa ndoa yao, miaka ishirini na kitu. Kila kitabu kilipovunjika mgongo alikifungua, na jioni alisimama mlangoni kwenye karakana ya mumewe na kusema: "Leo si wewe." Naye alikuwa akicheka.

Mbaya zaidi, karatasi ya Mama Gundi mwenyewe ilijitokeza mapema, ndani ya namba thelathini na mbili, naye kwa ujinga akaipeleka nyumbani. Alipokuwa msichana alikuwa ameandika hivi: "Binti aolewe na tajiri. Fundi vioo hana hata godoro. Madirisha mia moja ni madirisha mia moja." Lo! Seremala aliigongelea ukutani kwa misumari minne. Paa likivuja, anaitazama na kusema: "Madirisha mia moja, mama." Sukari ikiisha, "Madirisha mia moja." Wageni walisomewa. Shemeji zake waliijua kwa moyo.

Nyumba yenyewe aliijenga seremala kwa mikono yake, vyumba viwili na sebule, nyumba nzuri, isipokuwa kitu kimoja. Dirisha la sebuleni lilikuwa chini mno. Ukisimama, kizingiti cha juu kilikufika kifuani, na ili uone nje ilikubidi ukae. Kila mgeni aliuliza. Seremala alijibu vilevile siku zote: "Nilikosea kipimo." Mama Gundi ilimuuma kidogo, maana huyu alikuwa fundi asiyekosea hata unene wa kucha, halafu nyumba yake mwenyewe iwe na dirisha la kuchekwa. Hata hivyo kiti chake alikiweka hapo hapo, mwanga ulikuwa mzuri.

Na walibishana juu ya riwaya ile, usiniambie! Seremala angesema binti alikosea mwishoni. Mama Gundi angekuja juu: alikosea wapi, umesahau barua? Barua gani? Ya sura ya kumi na tisa! Naye angeisimulia sura nzima, mikono hewani, chakula kikapoa, mume ametulia anamtazama. Kesho kutwa, ubishi upya. Alikuwa mbishi yule bwana.

Alipougua, vilikuwa vimebaki vitabu viwili ambavyo havijafunguliwa. Mama Gundi alikaa kando ya kitanda akamshika mkono. "Niambie sasa," alimbembeleza. "Mchezo umetosha, baba." Seremala alivuta pumzi kwa taabu, macho yake yakacheka. "Vimebaki viwili tu," alisema. "Una haraka gani?" Siku tatu baadaye akafa.

Mwaka uliofuata kimoja kati ya hivyo viwili kilivunjika. Mgongoni mlikuwa na kipande cha gazeti. Kikabaki namba kumi na saba, kitabu ambacho Mzee Uzi alikishona kwa uzi mara mbili siku aliyokuwa na furaha zake, nacho kikagoma kuchakaa. Mara tatu Mama Gundi alikishika na kisu kidogo mkononi, na mara tatu akakirudisha rafuni. Kiapo kilikuwepo, ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Mle ndani ndimo yalimobaki maneno ya mwisho ya mumewe ambayo hajayasikia. Akiyasoma, yamekwisha, na mume naye amekwisha. Na asipoyakuta je? Alilala na hofu hizo mbili kama watoto mapacha, mmoja kulia, mwingine kushoto.

Halafu mwishoni mwa mwaka wa pili, mwaka ule wa Swali, mkuu wa shule akatangaza kwamba riwaya inabadilishwa. Kitabu kipya, chembamba, kimekwisha kuletwa. Nakala za zamani zikusanywe, Ijumaa asubuhi lori la wanunuzi wa karatasi chakavu litazichukua, zikasagwe.

Zikasagwe! Mama Gundi aliketi. Alhamisi alasiri alivipanga vitabu mezani, akavihesabu kwa kugusa migongo. Thelathini na tisa. Alihesabu tena. Namba kumi na saba haikuwepo. Alifungua daftari la maktaba, kidole kikateremka kwenye mstari: kimeazimwa na Swali, hakijarudishwa.

Alimtafuta shule nzima, gundi mikononi, viatu vikimpiga visigino. Bwenini hayupo, uwanjani hayupo. Alimpata kwenye darasa la zamani la kushona, ambalo lilikuwa limejaa madawati mabovu. Msichana amejikunyata nyuma ya rundo, kitabu magotini.

"Wewe! Nipe kitabu."

Swali alikikumbatia. "Mama Gundi, nimebakiza sura mbili. Mbili tu! Najua kesho kinaondoka. Ukikichukua sasa nitakufa."

"Hufi."

"Nitakufa nikiwa sijui kama alirudi!"

"Si wewe uliyesema kupiga mluzi si kazi?"

Msichana akainamisha kichwa. "Nilikuwa sura ya kumi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa sijui kitu."

Mama Gundi alitazama mlango, akatazama jua. Lori ni kesho, sura mbili ni saa moja. Alikuwa amengoja miaka thelathini na moja, na sasa saa moja ilimchoma kama pasi, lakini kumnyang'anya msomaji sura mbili za mwisho hakuweza. Alivuta kiti chenye miguu mitatu na nusu, akakaa mkabala naye. "Soma basi. Mimi nipo."

Swali akasoma. Chumba kikatulia, vumbi likaelea kwenye mwanga taratibu, na Mama Gundi, ambaye hakuwa na kitu mkononi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alibaki kumtazama. Hakuwahi kumtazama mtu anayesoma, siku zote alitazama vitabu. Aliona nyusi za msichana zikipanda. Aliona kidole kinavyotangulia kukamata ukurasa kabla haujaisha. Alijua bila kuuliza amefika wapi: pale kwenye lango, sasa pale kwenye mvua, sasa, ehe, pale binti anapoingia chumba cha mwisho na kukuta dirisha la mia limetiwa kioo. Msichana akafunga macho kidogo. Chozi likamdondoka, akalifuta upesi na kujikohoza. Mama Gundi alijisikia joto kifuani, akatamani sura ile isiishe, na akashangaa kwamba kumtazama mtu tu kunaweza kumshibisha hivyo.

Swali akafunga kitabu. Kisha alikitoa kwa mikono miwili, kwa adabu. "Asante, Mama."

"Kaa," alisema Mama Gundi. "Usiondoke. Naogopa kufanya peke yangu."

Alitoa kisu kidogo mfukoni mwa aproni. "Mzee Uzi, nisamehe," alisema kwa sauti, na msichana akageuka kuangalia nani ameingia. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Mama Gundi alipasua mgongo wa kitabu kizima. Kitambaa kiliachia kwa shida, maana kazi ilikuwa nzuri. Chini yake, karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara tatu, imeshikwa na gundi kingoni tu. Aliilowesha kwa mate ya kidole, akaingiza ncha ya kisu, akaifungua pole pole kama mtu anayemvua mtoto soksi asimwamshe.

Mwandiko wa kijana, herufi zimelala upande mmoja. Mama Gundi alisoma, midomo ikimcheza:

"Mwalimu, naomba radhi. Riwaya sijaisoma. Nilifungua ukurasa wa kwanza, halafu nikamwona jirani yangu wa dawati anasoma, nikaona afadhali nimtazame yeye. Akisoma midomo yake inacheza. Akifika pa kuchekesha anaziba mdomo kwa mkono wa kushoto. Jana alilia akasingizia mafua. Sijui binti ataolewa na nani. Mimi sina kinu, na sidhani nitakipata. Ila nikijenga nyumba, dirisha moja nitaliweka chini, usawa wa mtu aliyekaa, apate mwanga wa kusomea nami niwe namwona. Kwa maoni yangu hii ni riwaya nzuri sana."

Mama Gundi aliirudia. Kisha akapiga kelele iliyomrusha Swali pale alipoketi.

"Hakusoma! Mungu wangu, mwongo huyu! Hakuisoma!"

"Nani, Mama?"

"Miaka ishirini na sita ananibishia! Binti alikosea, binti alikosea! Hajui hata binti anaitwaje!" Alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyasingizia mafua.

Swali alifikiri kidogo, akaunyoosha mkono wake kama yuko darasani. "Sasa kama hajasoma, alikuwa anabishana ili iweje?"

Mama Gundi akaitazama karatasi. Aliona chakula kikipoa, mikono yake mwenyewe hewani, na mwanaume mrefu aliyetulia ng'ambo ya meza, hasinzii, hali chakula, anatazama. "Ili nimsimulie," alisema.

Mwalimu wa fasihi alipoambiwa alisema wa lori hawana haja ya kujua kama ni arobaini au thelathini na tisa. Mama Gundi alimwambia Swali aje kukiazima akikikumbuka, akakifunga kile kitabu chenye mgongo uliopasuka ndani ya khanga yake, akaenda nyumbani jua likiwa bado juu.

Aliiweka karatasi ukutani, kando ya ile ya madirisha mia moja. Misumari ilikuwa kwenye kopo la marehemu, nyundo ilikuwa mahali pake. Kisha akakaa kwenye kiti chake. Mwanga uliingia kwa dirisha lile la kuchekwa, ukamwangukia mapajani sawasawa, haukupungua wala kuzidi hata unene wa kucha. Aliugusa ubao wa dirisha kwa kiganja, akakaa hivyo kitambo. Ng'ambo ya sebule, mlango wa karakana ulikuwa wazi, na kutoka pale mtu aliyekuwa akipiga randa angemwona mzima mzima, kichwa, kitabu na miguu.

Alikigeuza kiti kidogo kuelekea mlango huo, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Sura ya kwanza," alisema kwa sauti. "Na leo usinibishie, wewe ambaye hukusoma."